Mpira wa Katikati

Rehema na Beatus, walimu wenzangu mnaoanza kazi, mmeniomba niandike mambo ya kazini kabla sijayasahau. Beatus anataka kujua nilikuwa nalipwa kiasi gani na nilipandaje. Hayo nayaruka, maana hayajamfundisha mtu yeyote kupiga bekihendi, lile pigo la mgongo wa mkono. Rehema ameuliza la maana zaidi, tena kwa adabu, kama anayemwambia mama mkwe kwamba chumvi imezidi: "Samahani, Mwalimu Odilia. Mbona ukicheza wawili wawili unasogea pembeni, unaacha katikati wazi? Sisi unatufundisha tupazibe." Sikumjibu siku ile. Jibu lake ni kazi yangu yote, kwa hiyo kaeni vizuri.

Mimi niliingia kwenye tenisi kwa mlango wa kusiriba sakafu. Nyuma ya klabu ya watumishi, hapo Sumbawanga mjini, kulikuwa na kiwanja kilichoachwa na wakoloni, kimepasuka kama kisigino cha mwezi wa saba. Bwana afya wa mji, jina lake Bwana Sabas, alikuwa amejifunza mchezo huo chuoni na alitaka kukifufua. Saruji ilikuwa haipatikani. Watumishi wenzake walimuunga mkono kwa maneno, kisha wakaingia ndani ya klabu kuendelea na shughuli zao zenye povu.

Siku moja akaja kwetu Kaengesa kukagua vyoo. Aliingia uani, akasahau choo, akasimama anatazama sakafu ya mama yangu.

"Mama, hii umesiriba kwa kitu gani?"

"Udongo wa kichuguu na mavi ya ng'ombe," mama akasema. "Ina kosa gani, bwana afya?"

"Haina kosa. Naitaka. Ila iwe kubwa."

"Kubwa kama nini?"

"Kama kanisa."

Mama alicheka mpaka akashika ukuta. Kisha akanitoa mimi, binti yake niliyekuwa nimemaliza la saba na kukaa nyumbani, niende nikasiribe kanisa la bwana afya.

Udongo tuliupata. Mavi ya ng'ombe yalitoka kwa Mzee Masanja, Msukuma aliyekuwa amehamia Ufipa na mifugo yake kutoka upande wa Shinyanga. Yaliletwa na mkokoteni wa maksai, na aliyekuwa akiwaswaga maksai hao alikuwa binti yake mkubwa, Minza. Alikuwa rika langu, mrefu, mwenye sauti ya kuita ng'ombe hata akikusalimia kwa karibu. Alitumia mkono wa kushoto. Bibi yake alikuwa amemfunga mkono huo kitambaa alipokuwa mdogo ili ajifunze kula kwa kulia. Akajifunza kula kwa kulia, na mengine yote akaendelea kuyafanya kwa kushoto.

Tulisiriba tukirudi nyuma, bega kwa bega, kama inavyotakiwa, ili usikanyage ulichokwisha kulainisha. Anayesiriba na mwenzake hujifunza mwendo wake. Ukichelewa, unaacha mshono, na mshono ukikauka unapasuka. Hadi tunafika mstari wa mwisho, nilikuwa najua Minza anavuta pumzi lini. Walimu wa michezo wana jina refu la jambo hilo. Sisi tulilipata tukiwa tumepiga magoti, tunanuka zizi.

Kiwanja kilipokauka, Bwana Sabas alitutazama, akatazama mlango wa klabu, hakuona mtu anayetoka. Akatukabidhi raketi. Zilikuwa mbili, za mbao, kila moja ikilala ndani ya fremu yenye skrubu nne ili isipinde. Kuifungua ile fremu ilikuwa ibada. Unalegeza skrubu kwa zamu, kidogo kidogo, la sivyo mbao inajikunja na wewe unajikunja zaidi. Nyuzi zikikatika tuliziunga kwa mshipi wa kuvulia. Neti yetu ilishonwa kwa nyavu kuukuu za wavuvi wa Ziwa Rukwa, na siku za jua kali ilikumbusha ilikotoka. Nyinyi mnabadilisha mipira ikipoteza sauti. Sisi tulibadilisha ikipoteza umbo.

Mpira wa kwanza wa Minza ulipita juu ya paa la klabu. Watumishi wakatoka, kwa mara ya kwanza tangu kazi ianze.

Bwana Sabas alikuwa mwalimu mkali asiyepaza sauti. Alitufundisha kwamba huku juu kwetu hewa ni nyepesi, mpira hukimbia, basi lazima uupige kwa kuusugua kwenda juu ili ujikunje na kuanguka ndani. "Usiupige kama unafukuza mbwa," alikuwa akisema. "Upanguse." Upepo wa Ufipa ulitufundisha mengine. Mwezi wa sita na wa saba ulikuwa unakuchukulia mpira mkononi kabla hujaamua.

Kisha akatupanga. Mimi wa mkono wa kulia nikasimama upande wa kushoto, Minza wa kushoto akasimama kulia. Kwa hiyo mikono yetu yote miwili ya nguvu ikaelekea katikati. Ni mpango mzuri sana, ila una mgogoro mmoja: mpira ukija katikati kila mmoja anaweza, na penye wawili wanaoweza huwa hapigi mtu, au raketi zinagongana. Tulipovunja mpini wa moja ya zile mbili, ambao baadaye tuliufunga waya, Bwana Sabas alikaa chini, akaivua kofia yake, akaiweka gotini. Ndipo akatoa sheria.

"Wa katikati wa nani?"

Akamnyooshea Minza kidole.

"Wa Minza. Mkono wake mzito zaidi. Odilia, wewe ukiuona unakuja katikati, usiuguse. Sogea pembeni, umpe nafasi. Wa nani?"

"Wa Minza," nikasema, kwa shingo upande.

Ilinichukua muda kukubali. Halafu ikawa raha ambayo sijaipata tena mahali pengine. Mpira unakuja, unajua si wako, unasogea hatua moja, na nyuma ya sikio lako unasikia mtu anavuta pumzi, kisha kishindo. Sikuwa nageuka kutazama. Nilikuwa najua.

Niwaeleze na habari ya ulezi, maana bado wazee wa mtaa wa Mazwi, pale mjini, wananicheka nayo. Mwaka mmoja kiwanja kilihitaji kusiribwa upya kabla ya wageni kutoka Mbeya. Kichuguu kizuri kilikuwa mbali na mimi nilikuwa na uvivu wa kistaarabu. Nikachimbua udongo wa uwanja wa zamani wa mama wa kupuria ulezi. Ulikuwa umekwisha pondwa, laini, tayari. Nani angeuacha? Tukasiriba, ukang'aa. Ikanyesha mvua moja ya kwanza, likawaka jua, na asubuhi ya wageni mstari wa nyuma upande wa mashariki ulikuwa umeota ulezi, kijani kibichi, umejaa vizuri kuliko shamba la jirani.

Bwana Sabas aliuzunguka mara mbili. "Odilia. Hiki ni kiwanja au kihenge?"

"Tuung'oe, bwana afya?"

"Ukiung'oa utafumua sakafu."

"Basi tuuache ukomae," Minza akasema. "Wageni wakishindwa, watatungoja tuwapikie pombe."

Tukaukata kwa kisu, usawa wa ardhi, tukacheza hivyo hivyo. Mpira ukitua pale ulikuwa hauinuki, unalala kama umefika nyumbani. Sisi tulipajua na wageni walikuwa hawapajui. Sitasema tuliwashindaje. Nasema tu kwamba Minza alipeleka mipira mingi mashariki siku ile, na kwamba mmoja wa wale wageni, mama mmoja mpole aliyekuwa Mbeya kikazi, alikuwa mtu wa shirika moja la umma huko Dar es Salaam, shirika lililokuwa na timu.

Salamu zikaja baada ya mavuno: wote wawili tuje, kuna kazi ndogo ofisini na tenisi jioni. Mama yangu alinifungia unga wa ulezi. Mzee Masanja alikuwa na jambo jingine. Nyasi za huku juu zilikuwa zimeisha na ng'ombe lazima wateremke bonde la Rukwa, na wadogo zake Minza wa kiume walikuwa bado hawajafika umri wa kusimamia zizi. Minza hakubishana na baba yake. Alikuja stendi na mkokoteni, akanipakilia mzigo wangu kwa mikono yake.

"Tangulia," akaniambia. "Nitakuja mvua zikianza."

"Na usipokuja?"

"Nitakuja, we Odi. Wa katikati uniachie."

Basi likaondoka. Nililia hadi tulipofika kituo cha Laela, na abiria mwenzangu, mama wa makamo, akanipa hindi la kuchoma bila kuuliza kitu. Mvua zilianza. Zikaisha. Minza hakuja.

Dar es Salaam ilinipokea inavyowapokea wengine wote. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Nilicheza siku ya kwanza mbele ya wakubwa na kila mpira wangu ukaanguka mfupi, maana kule pwani hewa ni nzito, na mpira unakwenda kama umebeba mzigo. Nilidhani nimerogwa. Wao walikuwa wanadhani kinyume chake, kwamba mchawi ni mimi. Walipojua natoka Sumbawanga, wachezaji wawili walikataa kunipa mkono kwenye neti. Zuhura, binti wa Ilala ambaye baadaye alikuwa mwenzangu kwa miaka mingi, aliniuliza waziwazi.

"Hivi dada, kwenu ni kweli mtu anaagiza radi?"

"Ningejua kuagiza radi," nikamwambia, "ningekuwa nahangaika na sevu ya kuanzishia mpira?"

Akacheka, na urafiki ukaanzia hapo. Lakini nawaambia ukweli, nilikuwa siwazuii sana kuniogopa. Gemu la kwanza nilikuwa nalipata bure.

Halafu ikaja ruksa, serikali ikawaachia watu wafanye biashara. Maduka yakajaa. Viatu vya tenisi vikaonekana kwenye mitumba, vya mguu mmoja mmoja mpaka utafute mwenzake. Zikaja raketi nyepesi ambazo hazikuhitaji fremu wala skrubu. Na mashirika yakaanza kuuzwa au kufungwa, na yanapofungwa, timu ya tenisi haiwi jambo la mwisho kuondolewa. Ndivyo mimi na Zuhura tulivyokuwa wachezaji wa kulipwa. Msidhani ni cheo. Maana yake ni kwamba hakuna mwajiri. Asubuhi tuliwafundisha wafanyabiashara kwenye viwanja vya hoteli, watu waliopiga mpira kama wanadai deni. Mchana tulifanya mazoezi. Mashindano yakitokea, Lusaka, Kampala, Nairobi, tulipanda basi.

Kila kabla ya safari nilituma kadi ya salamu redioni. Kwa Minza binti Masanja, popote ulipo bonde la Rukwa, mimi Odilia niko safarini, nacheza. Mtangazaji aliisoma pamoja na za watu wengine, wanaowasalimu mashemeji na wajomba zao wote wa ukoo, halafu akapiga muziki. Sikujua kama kuna redio zizini. Nilituma tu. Nilikuwa nina wenzangu na nilikuwa nacheza vizuri, lakini kila jioni nikifunga viatu nilikuwa nikitamani niisikie ile pumzi nyuma ya sikio. Hilo ndilo nililolitaka. Vikombe nimevipata, na vingine mama alivitumia kupimia mbegu.

Nairobi ilinipenda. Ni juu, kama kwetu, mpira unakimbia, na mkono wangu ulikuwa unajikumbuka. Mara moja tulifika fainali, mimi na Zuhura, na tukafika mahali ambapo pointi moja tu ilibaki tuchukue kikombe. Mliocheza mnajua hali ile, kelele za watu zinakwenda mbali. Zuhura aliuanzisha vizuri. Mpira ukarudi polepole, chini kidogo, katikati kabisa.

Wote wawili tulikuwa wa mkono wa kulia. Mimi nilisimama kushoto. Wa katikati ulikuwa wangu, bila mjadala, mtoto wa shule angejua. Nikasogea pembeni hatua moja. Nikasubiri.

Hakuna aliyevuta pumzi. Mpira ukapita, ukadunda kwenye mstari, ukaenda zake. Zuhura alinitazama. Tukapoteza gemu lile, kisha seti, kisha yale mengine yote. Maji yakimwagika hayazoleki.

Kwenye basi, tulipokwisha kuvuka mpaka wa Namanga, ndipo aliposema. Hakuwa na hasira.

"Odilia, ulikuwa unamsubiri nani pale?"

Nikamwambia. Nilimwambia yote, kuanzia mkokoteni hadi ulezi. Zuhura akasikiliza hadi mwisho. "Basi nitajifunza kuuchukua mimi kwa bekihendi," akasema. "Wewe hutapona." Akajifunza, Mungu ambariki. Miaka iliyofuata tulicheza hivyo, na makocha waliotuona walidhani ni mbinu.

Nilirudi Sumbawanga likizo mara chache. Mara ya pili nilikuta klabu imeuzwa vipande na kiwanja kimegawanywa kuwa vibanda. Pale nilipokuwa nikisimama kuanzisha mpira alisimama kijana anauza sweta za mitumba. Akaniambia, "Karibu mama, chagua." Nikanunua sweta nisiyoihitaji ili nipate kusimama kidogo. Bwana Sabas alikuwa amekwisha zikwa kwao. Nilipoulizia kina Masanja, mmoja akasema wako bondeni, mwingine akasema wamehamia mbali zaidi na ng'ombe wao. Nikarudi kazini.

Goti ndilo lililonistaafisha. Halikuniuliza. Nikauza raketi, nikabaki na mbili, nikarudi kwenye shamba la mama hapa Kaengesa, ambako nyinyi mlinikuta na kuniambia shule zenu zina watoto lakini hazina kiwanja. Nikasema kiwanja hakinunuliwi, kinasiribwa. Safari hii udongo niliutoa kichuguuni. Mama, japo macho yake yamefifia, aliuonja kwa vidole kwanza, akauliza, "Hauna ulezi?" Hajanisamehe yule.

Yalibaki mavi ya ng'ombe. Nilikwenda mnadani, nikapita kwa wafugaji mmoja mmoja, nikieleza ninachotaka na kwa ajili ya nini. Wengi walinipa pole. Wiki iliyofuata nikasikia mkokoteni unapanda njia ya kwetu, na sauti ya kuita maksai ambayo ningeitambua hata ndani ya kanisa siku ya Pasaka.

Alikuwa amenenepa, amevaa mabuti na kitenge, kichwa kina mvi. Alishika kamba kwa mkono wa kushoto.

"Nimeambiwa huku juu kuna Mfipa anatafuta mavi ya kusiriba kiwanja cha tenisi," akasema. "Nikajiuliza, wako wangapi duniani?"

Milima haikutani, binadamu hukutana. Aliteremka, akanishika. Alinuka zizi. Nililia kama siku ya stendi.

"Salamu zangu ulizisikia?" niliuliza mwishowe.

"Nilizisikia. Betri zikiisha nilikuwa naanika juani, ili niwahi siku yako. Watoto wangu wanakujua kwa jina. Baba alikufa mwaka ule ule, Odi. Mvua zikaanza, ng'ombe wakabaki na mimi."

Tulisiriba tukirudi nyuma, bega kwa bega, mimi na goti langu, yeye na mgongo wake. Hakuna mshono. Mkitaka kuhakikisha, nendeni mkaangalie.

Mechi ya kufungua kiwanja mnaikumbuka, kwa kuwa mlicheza nyinyi dhidi yetu. Minza alivua mabuti akacheza pekupeku. Alikuwa hajagusa raketi tangu tuachane, na mpira wake wa kwanza ulikwenda kwenye migomba ya jirani, na wa pili ukaufuata. Kisha Beatus akapiga ule mpira. Ulikuwa laini, wa chini, katikati kabisa.

Nikasogea pembeni hatua moja. Nikasubiri. Nikasikia pumzi, kweli niliisikia, nyuma ya sikio langu, baada ya miaka yote ile. Kishindo hakikufuata. Mpira ukapita kati yetu, ukadunda mara mbili, ukagonga uzio wa matete. Nyinyi mkashangilia, na mlikuwa na haki.

Nikageuka. Minza alikuwa amesogea pembeni, kule kwake, hatua moja, raketi imeshuka.

"Si wako ule?" nikamwuliza.

"Nilikuachia," akasema. "Mimi nimeshika fimbo miaka yote, wewe umeshika raketi. Nikasema sasa utakuwa wako."

"Mimi nilikuachia wewe. Hata Nairobi nilikuachia."

Mliuliza tunacheka nini, kisha mkaona si kicheko peke yake, mkaenda kuokota mipira kwa heshima. Niliwashukuru kimoyomoyo.

Minza ameteremka tena bondeni. Ng'ombe hawana likizo na kule chini mtandao wa simu haushiki. Nilimsindikiza hadi mteremko unapoanza, akapanda mkokoteni, akageuka mara moja. Amesema atakuja mvua zikianza.

Kwa hiyo, Rehema, watoto uwafundishe kuziba. Ni sahihi, na mimi ndiye niliyekufundisha. Ila ukicheza nami usinisogeze katikati. Pale si wazi. Pana mwenyewe.